Mizoga Niliyoificha Hatta

Niliposikia kwamba kampuni yetu ya ulinzi inatafuta mtu wa kwenda kulinda kondoo milimani, nilidhani ni mzaha wa wenzangu wa bweni la Al Quoz. Tulikuwa sita chumba kimoja, Wakenya watupu, na wote walijua mimi ni mtoto wa mfugaji kutoka milima ya Baringo. Wakanicheka kwamba nimepanda ndege kuja Dubai kuchunga. Wacheke tu. Mwaka mzima nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa maduka nikiwafungulia watu wasioniona, na nilikuwa tayari kuchunga hata kuku.

Kondoo wenyewe walikuwa wa mwituni, lakini walizaliwa ndani ya uzio karibu na bahari na kulishwa kwa ndoo. Sasa walikuwa wameletwa Hatta, kwenye milima ya Dubai, wakafunguliwa katika bonde la mawe ili warudie maisha ya mababu zao. Walikuwa ishirini na wawili. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu kwa darubini asubuhi na jioni, kujaza birika la maji na kuandika fomu. Niliipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka sana kulijua: mnyama aliyezoea ndoo atajifunzaje kuogopa?

Wiki ya tatu nilikuta mmoja amelala chini ya mgunga, amekufa. Alama za meno zilikuwa kooni, safi, na paja lilikuwa limeliwa kidogo tu. Mbwa koko hawaui hivyo, wao hurarua kuanzia nyuma. Madam, mtaalamu wa wanyama aliyesimamia mradi na kuja kila Jumapili, alinisikiliza nikimweleza alama hizo, akanionyesha picha ya mwuaji kwenye simu yake. Alikuwa simbamangu, paka mkubwa wa rangi ya mchanga mwenye vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio.

"Huyu naye ni mwenyeji wa mlima huu," akaniambia. "Haguswi."

Sikuelewa hata kidogo. Unaleta kondoo, halafu adui wao naye ni mtu wa heshima?

Sasa niseme nilichofanya. Kwetu, mnyama akikuulia mbuzi humwachii mzoga. Baba alitufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo: unauburuta hadi nyumbani, mnakula kinacholika, kinachobaki mnakichoma, na mwizi akirudi anakuta damu kavu. Kumwachia ni kumkaribisha. Kwa hiyo nilimshika yule kondoo miguu ya nyuma, nikamburuta na kumfukia kwa mawe nyuma ya tangi la maji. Fomu iliuliza amekufa nani, wapi na lini. Haikuuliza mzoga uko wapi, nami sikujipendekeza kusema.

Siku tatu baadaye akafa mwingine. Nikafukia. Kisha mwingine tena. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamekufa watano.

Kila mara nilipima nyayo kwa kalamu yangu, na kila mara zilikuwa zile zile: mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na kidole kilichopinda. Jambo hilo lilinisumbua mpaka nikawa nazungumza peke yangu. Nilimweleza mzee aliyeniletea chakula kwa pikapu, mzaliwa wa Dubai ambaye wazee wake walitoka Unguja.

"Labda wako kumi," akasema.

"Ni mmoja, mzee. Naujua mguu wake."

"Basi huyo hali, anaweka akiba. Haya sikiliza, kijana. Tajiri mwenye mradi, bosi wa madam, kasema akifa mmoja mwengine, khalas, wote wanarudishwa uzioni."

Niliumia. Kondoo walikuwa wameanza kujifunza. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika alikuwa akisimama juu ya jiwe wenzake wakila, na akiona kitu anapiga kwato chini, wote wanapanda jabali. Nilimpenda yule jike, sioni haya kusema.

Bila kuniambia, madam, aliyeshangaa kwamba mizoga haionekani, alikuwa ameficha kamera mbili kwenye mawe. Jumapili iliyofuata alifungua kompyuta juu ya boneti ya pikapu.

"Nimempata anayechukua mizoga," akasema.

Pichani nilikuwa mimi, na sare ya kampuni, nikiburuta kondoo huku nikitazama nyuma kama mtu anayeiba godoro. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nikifikiria viza yangu.

"Kwa nini?" madam akauliza.

"Madam, kwetu hatumwachii."

Nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliniuliza maswali mengi kuhusu kwetu na kuyaandika majibu, kisha akasema, "Mzoga mmoja unamtosha siku nne au tano. Akirudi asipouona, unafikiri anafunga?"

"Yaani kila akipakua, wewe unaondoka na sahani," mzee akadakia. "Lazima apike tena!"

Nilitamani ardhi inimeze. Madam alimwomba mwenye mradi nafasi moja ya mwisho: atakayeuawa aachwe pale pale.

Aliyeuawa alikuwa jike mwenye sikio lililochanika. Nilimkuta alfajiri, bado ana joto, na mikono yangu ikataka kumbeba. Nikaenda ng'ambo ya bonde, nikakaa na darubini. Jua lilipochomoza simbamangu akaja, nyuma yake watoto wawili. Nilimchukia, lakini sikuweza kuacha kutazama. Alikuja hivyo asubuhi nne. Baada ya hapo hakuua kondoo tena kwa karibu wiki mbili, na mwenye mradi akakubali kondoo wabaki. Mzee aliniletea biriani ya kunipongeza.

Sikuweza kuila. Nilikuwa nimekumbuka mwaka ambao chui aliingia zizini kwetu. Baba alimpora kila mzoga, akijisifu kwa majirani, na yule chui akarudi, akarudi tena, mpaka mbuzi wakaisha. Ndipo nilipoacha shule nikaenda kutafuta kazi ya ulinzi. Miaka yote hiyo tulimlaani chui.

Jioni ile baba alipiga simu kuniuliza habari za kondoo na yule simbamangu niliyemsimulia.

"Wametulia, baba."

"Ulimnyima mzoga?"

Baba ana zaidi ya miaka sabini.

"Nilimnyima," nikasema.

Alicheka kwa furaha, akamwita mama aje asikie. Nilikaa na simu sikioni, nikamsikiliza akimweleza mama jinsi alivyonifundisha.