Mwanamke wa Uchina Katika Eda Yangu

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa nimekaa eda nyumbani kwa mama mkwe wangu, huko Maneromango, na mume wangu alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini. Wewe unanijua mimi bibi wa Visiga mwenye mdomo, lakini siku zile sauti yangu haikusikika.

Nilikuwa mtunzi. Harusi nyingi za Kisarawe mpaka Kibaha zilighaniwa beti zangu, na kuringa nilijua, sikufichi. Aliyenipa moyo ni mume wangu. Alikuwa bwana shamba, aliwahi kupelekwa Uchina kusomea kilimo cha mpunga, akarudi na habari za mwanamke mmoja mshairi wa enzi za wafalme wa huko. Alisema mwanamke yule na mumewe walikuwa wakimaliza kula wanaulizana mistari ya vitabuni, anayepatia anatangulia kunywa chai, na mara nyingine walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Basi na sisi tukafanya hivyo hivyo, kwa beti zangu na chai ya tangawizi. Tulikuwa vijana, tulikuwa na raha zetu.

Alipofariki nikaacha kutunga. Nilijiambia kwamba shairi ni pambo, na mwanamke aliye edani hajipambi: hapaki wanja, hajifukizi udi, hatii marashi. Kutunga ubeti nikakuona sawa na kuvaa herini msibani. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, na nikajiona mcha Mungu kweli kweli.

Siku hiyo mvua ilipiga bati tangu asubuhi. Harufu ya korosho zinazochomwa kibandani uani ikaingia mpaka chumbani, nami nikawa nasinzia na kuzinduka. Katika hali ile nikamwona yule mwanamke wa Uchina amekaa ukingoni mwa jamvi langu, mikono mirefu ya nguo yake imelowa. Habari zake zilizobaki nilizijua: vita viliingia, wakakimbilia kusini, mumewe akafa kwa ugonjwa, vitabu vyao vikapotea kidogo kidogo njiani. Yeye akaendelea kuandika, peke yake, mpaka uzeeni. Nikamuuliza amefuata nini kwangu. Alikuwa anasikiliza mvua tu, na mimi nikaona haya bila kujua kwa nini.

Mama mkwe akaingia na bakuli la uji. Alikuwa mtu wa maneno machache, hajawahi kunisifia shairi hata moja, nami siku zote nilidhani hayapendi.

"Unaongea na nani?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, pamoja na lile la pambo. Akakaa chini polepole, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Mwanangu, nani kakufundisha hayo? Eda imekuzuia kutoka ovyo na kujirembesha. Haijakuzuia kumtaja mumeo." Akaliweka bakuli kando. "Watu wakija hapa wananiambia ni kazi ya Mungu, nivumilie, kisha wanaondoka. Hakuna anayenisimulia alivyokuwa anacheka. Mimi sina maneno. Wewe unayo, na unaninyima."

Nililia sana. Nilikuwa nimeuona msiba ule kuwa wangu peke yangu. Kisha nikaanza, kwa sauti iliyokwaruza, ubeti wa mume wangu anavyorudi shambani na tope mpaka magotini, na kuingia nalo ndani wakati mimi ndiyo kwanza nimemaliza kufagia. Mama mkwe akacheka.

"Tangu mtoto yuko hivyo," akasema. "Hebu rudia."

Nikarudia, tena na tena, mpaka uji ukapoa.

Sasa nasikia, mwanangu, kwamba tangu baba yako azikwe hujaandika kitu, unasema si wakati wake. Nakuambia kwa upole, umekosea nilipokosea mimi. Kipaji ulichopewa si cha siku za furaha tu, na wenye haki nacho si wewe peke yako. Mama yako anapika, anafua, hasemi kitu, lakini ana kiu ya kumsikia mumewe akitajwa. Kaa naye. Mtungie, hata kama ubeti utachechemea.

Mungu akulainishie ulimi, akujaalie maneno yanayoponya, na nyumba yenu aiondolee ukimya huu mzito. Haya, nenda, mama yako yuko jikoni peke yake.