Gauni Lililobana Kiuno

"Nimewasamehe! Na hata gauni la harusi yao nitalishona mimi!"

Shangazi yangu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, Jumapili ya ushuhuda, na kanisa zima likapiga vigelegele. Mpiga kinanda alikuwa amevunja uchumba wake na Shangazi na kuhamia kwa msichana wa kwaya, sauti ya kwanza. Shangazi akamkimbilia Yesu, sawa. Tatizo alikimbia na mdomo wake.

Mke wa mchungaji hakusahau. Harusi ilipotangazwa, alimshika mkono bibi harusi mpaka kwenye chumba cha cherehani. "Fundi, si ulituahidi?"

Shangazi akatabasamu kwa meno peke yake. Akapima, akakata. Wiki nzima aliomba amani, akapata kiungulia.

Siku ya kujaribu, zipu iligoma. Shangazi akazungusha tena tepu ya kupimia.

"Mdogo wangu, umenenepa?"

"Ni raha tu, dada."

"Raha gani hiyo inakaa chini ya kitovu?"

Msichana akaanza kulia. Kanisani kwetu bibi harusi mwenye mimba hasimami madhabahuni. Anafungishwa ndoa ofisini, Jumanne, bila shela wala kwaya. Shangazi alihitaji kusema neno moja tu. Na Mungu, kwa utani wake, akamleta mke wa mchungaji mlangoni wakati uleule.

"Mbona bibi harusi analia?"

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, bila haraka.

"Kosa langu, mama mchungaji. Nimekata vibaya. Kiuno kinambana."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi."

Habari za fundi asiyejua kupima zilifika mtaani kabla ya harusi. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Lakini Shangazi anasema alipokaa tena kwenye cherehani, lile jiwe lililomkalia kifuani tangu uchumba uvunjike halikuwepo. Hakulia, hakuimba pambio. Alikanyaga pedali tu, akasema polepole, "Asante Yesu, umenifunga mdomo." Mimi ningekuwa yeye ningesema, tena kwa kipaza sauti kilekile.

Harusini bwana harusi aliwashukuru wote, mpaka waliopanga viti. Fundi hakutajwa. Alikaa benchi la nyuma, akala, akaondoka.

Kitambaa cha kuongezea kiuno alinunua mwenyewe. Nusu mita, elfu nane.