Ujumbe Alioufuta Mama Tuli

Mwanangu, naikumbuka siku tuliyomuaga Mama Tuli kule Iyunga, na kila nikiikumbuka masikio yanapata moto. Najua umri wangu bado haujafika wa kumwita mtu mwanangu. Nivumilie, aibu nayo humzeesha mtu.

Mama Tuli, mkulima wa Chimala, alikuwa admini wa kundi letu la mtandaoni la wakulima wa mpunga. Kwa miaka mingi aliliongoza bila malipo: kupokea wageni, kutuliza wagomvi, kufuta matangazo ya matapeli. Elimu yake darasa la saba, na akiandika, mbolea ilikuwa "mborea". Mimi na shahada yangu ya kilimo nilimsahihisha mbele ya wote. Hujafa hujaumbika, lakini nani angeniambia?

Msimu mmoja niliandika humo maelekezo ya kupulizia dawa ya magugu. Hazikupita dakika kumi, akayafuta. Akanipigia mara mbili, nikakata simu. Badala yake nikaeneza kwamba amenunuliwa na wauza dawa. Kuuliza si ujinga, nilisema, na methali hiyo nikaishika kama leseni.

Alipotangaza kwamba anapumzika uadmini, nikapanda basi kutoka Iringa kwenda kwenye hafla ya kumuaga, na swali langu. Ukumbini walikuwa wamemvika kitenge kipya, pilau imeshapakuliwa. Nikasimama.

"Kabla hujaondoka, mama, tuambie. Ujumbe wangu uliufuta kwa nini?"

Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyu naye, si angekula kwanza?"

Mama Tuli akajibu, "Ulikuwa na kosa la herufi, baba."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Msomi kapatikana! Kasahihishwa na mborea!" Nikaketi nimefura.

Baada ya chakula akaniita pembeni, akanionyesha kwenye simu yake picha ya ule ujumbe. Nikausoma mara mbili. Mara ya tatu nikaliona kosa. Palipopaswa kuwa kijiko, nilikuwa nimeandika kikombe. Kikombe kizima cha dawa kwa bomba moja la mgongoni! Mpunga ungeungua wote.

"Watu tisa walishakujibu, asante mtaalamu," alisema. "Nikawapigia mmoja mmoja. Mmoja alikuwa shambani, keshapima. Nikamwambia acha, usipulize."

Nikamrudishia simu yake. "Na hukusema? Msimu mzima nimekutukana!"

"Ningesema, nani angekusikiliza tena? Na mengi unayoandika yanatusaidia." Akarudi kwa wenzake kupiga picha.

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Mimi sijaacha, wala sitaacha. Ila unapomshuku mtu, mfuate kwanza akiwa peke yake, umsikilize mpaka amalize. Huenda unachokivuta ukidhani ni pazia la maovu yake, kumbe ni nguo aliyokufunika wewe. Na akili ya mtu usiipime kwa herufi zake. Kazi za watu kama huyu hazionekani. Kinachoonekana ni pengo tu pale walipofuta.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kungojea jibu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akujalie mtu wa kukusitiri.