Bibi wa Bwana wa Katuni

Juzi nilifungiwa nyama kwa karatasi safi ya kaki pale Kitengela, na mimi, mchoraji mzima wa katuni, nikahisi nimepunjwa. Utotoni nilisomea katuni kwenye gazeti la buchari, lililonuka damu na wino.

Alasiri moja nilifungua nusu kilo nikachanganyikiwa. Katika gazeti la nyama ya Jumamosi iliyotangulia, bwana wa katuni niliyekuwa nikimfuatilia alikuwa ameoa. Sasa alikuwa akitafuta mchumba. Nilikuwa na wasiwasi sana kuhusu bibi yake.

"Baba, mtu akishaoa anaweza kutafuta bibi tena?"

Kisu cha mama kilisimama juu ya sukuma wiki. "Baba Mwende, si umjibu mtoto."

"Hayo ni mambo ya gazeti," baba alisema.

"Na yule bibi wa kwanza anaenda wapi?" niliuliza.

"Haendi," mama alisema. "Anabaki akikata mboga."

Baba akavaa viatu, akasema anaenda kuangalia mbuzi. Nilimwamini.

Leo najua mwenye buchari alifungia nyama kwa magazeti ya zamani, bila mpangilio. Suala la mbuzi ndilo bado linanishinda, kwa sababu hatukuwa tunafuga hata kuku.