Kiti Kirefu na Shimo la Bibi

Juzi mdogo wangu wa kiume alinipigia simu akaniomba nimsindikize mjini kununua kiti cha kulishia mtoto. Yeye amechelewa kuzaa, mvi zimemtangulia. Sasa binti yake amefikisha miezi minane, anakaa, anakula, na baba mtu, ambaye ofisini kwake watu husimama akipita, ameshindwa kuchagua kiti. "Dada, wewe umelea wanne," aliniambia. Nimelea wanne kweli, wote kwenye mkeka, kwa hiyo sikujua nitamfaa nini. Nikavaa viatu nikaenda.

Rafiki yangu, sijawahi kuona upuuzi uliopangwa kwa mstari mzuri kama ule. Kiti cha kwanza kilikuwa na magurudumu. Mtoto anayejifunza kumeza ana safari gani? Cha pili kilikuwa na mto wa kitambaa cheupe pe, na aliyekibuni bila shaka hajawahi kukutana na uji wa ulezi. Cha tatu kilipiga muziki ukibonyeza kitufe, ili mtoto asahau kabisa kwamba ameletwa kula. Kingine kilikuwa na mikunjo na vijishimo chini ya kalio, mahali ambapo kiazi kilichopondwa huingia Jumatatu na mende wakakikuta Jumanne. Muuzaji, kijana wa suruali ya kubana, alitufuata nyuma akisema, "Mama, huu mzigo wa nje huu, siyo wa mchezo." Nikakisukuma kile cha bei kubwa kwa kidole kimoja. Kikayumba. Nikamtazama muuzaji, naye akatazama feni.

Mdogo wangu akakipenda hichohicho kinachoyumba. Kilikuwa kirefu, cheusi, chembamba miguuni, mtoto anakaa huko juu usawa wa meza ya wakubwa. "Kina mikanda mitano," alisema. Kisha akamgeukia muuzaji, akainua kidevu na kumwonyesha kovu lake. "Unaona hili? Bibi yangu aliniangusha nikiwa mdogo kama binti yangu. Huko ziwani walikuwa wanalishia watoto kwenye mashimo. Mashimo, ndugu yangu! Wangu halelewi kienyeji." Muuzaji akacheka kwa adabu. Hadithi hiyo mdogo wangu ameisimulia maisha yake yote, kwenye harusi na kwenye misiba, na maisha yote mimi nimeisikiliza nikiwa nimefunga mdomo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Bibi mzaa mama aliishi kando ya ziwa, chini kule Butimba, penye mawe makubwa na kipande cha mchanga ambacho hakuna aliyekionea wivu. Mama alikuwa fundi wa nguo Mabatini, katika chumba kimoja, cherehani upande huu na kitanda upande ule. Maziwa yalimkauka mapema, na mtoto alipoanza kuviringika na kuokota pini chini ya cherehani, mama alituleta wote wawili kwa bibi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuja kila Jumamosi na sukari na sabuni, akaondoka jioni.

Maisha ya pale yalikuwa dagaa. Tuliamka na dagaa, tukala dagaa, nywele zetu zilinuka dagaa. Bibi aliwapokea kwenye mitumbwi alfajiri akawaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, pembe zake zimekandamizwa kwa mawe. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza, kufukuza kunguru na kuteka maji. Mchana tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yaliyochemshwa na karanga, au ugali wa muhogo na mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama. Siku hizi furu kumpata ni bahati, na watoto wangu hawajui hata ninazungumzia nini.

Kila asubuhi, kabla hajagusa dagaa, bibi alichimba kiti cha mdogo wangu. Ndiyo, shimo. Alichagua mahali penye kivuli cha jiwe na mchanga wenye unyevu, kwa kuwa mkavu hubomoka. Alichimba kwa mikono mpaka kina cha kiuno cha mtoto, ukuta wa mgongoni akaulaza kidogo, akatandika kanga iliyochakaa, akamketisha mtoto humo miguu mbele na mikono huru. Kisha alimgusa bega hili na bega lile kuona kama atayumba. Hakuyumba. Angeangukia wapi, naye ameshafika chini? Uji ukimwagika mchanga uliunywa, na kilichobaki kunguru walimaliza. Nitajie kiti kimoja cha dukani kinachojisafisha chenyewe.

Halafu bibi alipiga magoti, akaegemea kiwiko, macho yake yakawa usawa wa macho ya mtoto, akalisha. Hakuwahi kulisha akiwa amesimama. "Anayelisha ndiye anayeinama," alizoea kusema. Jioni alilifukia lile shimo akalipigapiga kwa kiganja. Shimo lenye kipimo cha mtoto halilali wazi, alisema, hilo kwao lilikuwa mwiko. "Kesho tutachimba jingine." Nililisikia neno hilo kila jioni.

Sasa, pale juu karibu na chuo cha ualimu aliishi mke wa mwalimu. Alishuka kila Alhamisi kununua dagaa, leso puani, kana kwamba dagaa watakaoliwa kwake ni wa ukoo mwingine. Siku moja alimkuta mdogo wangu kwenye shimo lake, ameshiba, anajipaka uji kichwani. Mke wa mwalimu akacheka. "Jamani, mtoto mmemzika angali hai?" Bibi akacheka naye na kumwongezea dagaa kiganja kimoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapeleka dagaa nyumbani kwake na nimeona kwa macho yangu jinsi mwanawe alivyolishwa: juu, kwenye kiti kirefu chenye kimeza mbele, kama mwenyekiti wa kikao. Tangu siku hiyo nilimdharau bibi. Nilidharau mikono yake yenye mchanga, kanga yake iliyotoboka, hata namna alivyopiga magoti. Mtoto wa miaka tisa anaweza kudharau vibaya sana, usidanganyike.

Nikamwendea seremala aliyekuwa na kibanda njia ya kwenda chuoni. Nilimlipa dagaa niliowaiba kwa bibi, kopo kwa kopo. Akanipigia kiti kwa mbao za makreti ya soda, kirefu, chenye kimeza kilichofungwa kwa misumari miwili na miguu myembamba. Nilikibeba kichwani nikishuka nacho, nimejaa fahari.

Bibi alikizunguka mara mbili. Hakuuliza dagaa walikwenda wapi, ingawa alijua. "Hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mkubwa," alisema. "Tumbo la mtoto halikuombwa ushauri." Lakini hakukitupa. Alikiweka ndani, penye sakafu ya udongo uliopigwa ukawa mgumu. "Kikae humu. Mchangani kisitoke."

Kingekaa ndani, mke wa mwalimu angekionaje? Alhamisi ilipofika, bibi alikuwa kwenye mitumbwi anapokea dagaa, na mdogo wangu yuko shimoni anachezea ganda la konokono. Nilipomwona yule mama anateremka na leso yake, nikamtoa mtoto shimoni, nikakitoa kiti nje, nikamweka juu. Alifurahi mno. Akapiga kimeza kwa viganja viwili. Nikachukua bakuli la uji, nikasimama kando yake wima kabisa, mtu wa heshima zake, nikageuka kutoa shikamoo.

Sikupata hata kuitikiwa marahaba. Mguu mmoja wa kiti ulizama, na mtoto akaanguka nacho, uso mbele, kwenye jiwe la kukandamizia wavu. Damu ikawa kwenye dagaa. Mke wa mwalimu alisema, "Nyie watu!" akapanda zake kilima bila hata kuinama kutazama kama mtoto anapumua. Ndiye niliyekuwa nimemwandalia yote hayo.

Bibi alikuja mbio, maji yakimchuruzika. Alimkaza mtoto kifuani, akapanda naye kilima mpaka zahanati, mguu pekupeku, na mimi nyuma nalia. Wakamshona kidevu. Tuliporudi alivunja kiti kwa goti lake, ubao mmoja mmoja, akakipikia ugali. Hakunipiga. Nilikaa nikisubiri anipige, na ugali ule nikaushindwa.

Jumamosi mama alikuja. Mkono wa mama ulikuwa mzito, na bibi aliujua kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Mama aliona bandeji, akauliza kwa sauti ndogo ya kutisha, "Nani?" Nilifungua mdomo. Bibi akawahi. "Ameniponyoka mkononi. Uzee, mwanangu."

Mama alimfunga mtoto mgongoni palepale. Alisema maneno ambayo mtu hamwambii mama yake: kwamba mikono iliyozeeka ibaki na dagaa. Mimi aliniacha, nimsaidie kazi mwanamke mzee asiyeaminika. Ndivyo ilivyokuwa. Bibi alinyang'anywa mtoto aliyemlinda, akabaki na mimi niliyemwangusha, na kila asubuhi aliendelea kunipa matobolwa makubwa kuliko yake.

Mdogo wangu hakulala tena kwa bibi hata siku moja. Mama alimlea kwa hadithi ile, naye akakua nayo. Bibi alipougua mara ya mwisho aliuliza kila jioni, "Yule wa kidevu hajaja?" Yule wa kidevu alituma maji ya matunda na dereva. Siku ya mazishi alisimama karibu na gari lake, saa mkononi.

Kwa hiyo pale dukani, kijana wa suruali ya kubana alipoanza kukifunga kile kiti cheusi, nilimshika mdogo wangu mkono. "Si bibi aliyekuangusha," nikamwambia. "Ni mimi. Nilikuweka kwenye kiti kirefu kama hicho, mchangani, ili mke wa mwalimu atuone."

Alicheka kwanza. Kisha aliponitazama akaacha. Nikamweleza yote, katikati ya vile viti vya muziki, na muuzaji akapata kazi ya ghafla upande wa pili wa duka.

"Na mama?"

"Mama amekufa hajui."

"Kwa nini hukusema, dada?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Halafu nikawa na kumi. Halafu ikawa hadithi yako, na wewe unaisimulia vizuri."

Nimewacheka wengi katika maandishi haya: wabunifu wa vitambaa vyeupe, mke wa mwalimu, hata ndugu yangu na mikanda yake mitano. Wote wanastahili. Lakini hakuna ninayemdharau kama yule msichana aliyefungua mdomo akaufunga tena.

Mdogo wangu alikwenda mwenyewe mwisho wa mstari, akashusha kiti kimoja cha plastiki, kifupi, kibaya kwa sura, miguu yake imetanuka, mkanda unapita katikati ya miguu ya mtoto, kimeza kinatoka chote ukakioshe. Akakisukuma kwa kidole, kisha kwa goti. Hakikuyumba. "Hiki," akasema.

Tulirudi kwa njia ya Butimba. Aliomba nimwonyeshe mahali. Hakuna mahali. Pana ukuta mrefu na geti, na ndani yake watu wanakunywa chini ya miavuli. Mlinzi alituuliza kama tuna miadi. Mawe wameyapaka chokaa, na mchanga, alituambia kwa majivuno, wameuleta kwa lori. Kando ya ziwa, mchanga umeletwa kwa lori! Nilitaka kumcheka mtu fulani kwa hilo, lakini nilipomtazama ndugu yangu sikuweza. Hata kama ningetaka kumchimbia mtoto shimo leo, ningechimba wapi?

Nyumbani kwake alikiweka kiti juu ya marumaru, akakunja kitenge cha mkewe, akakizungushia kiunoni mwa mtoto. Nilimwonyesha kwa kiganja: mpaka hapa. Alipiga magoti na suruali yake ya ofisini, akachukua kijiko. Akaniuliza bila kunitazama.

"Shimo la siku mama aliponichukua. Bibi alilifukia?"

"Hapana. Nilimkumbusha, akasema la leo liache. Kila asubuhi alilitoa mchanga ulioletwa na upepo, akatandika kanga. Alisema mama hasira zikimwisha atakurudisha, upakute mahali pako."

"Nani alilifukia, basi?"

"Ziwa. Masika yalipofika maji yakapanda."

Kijiko kilibaki hewani. Mtoto akapiga kimeza kwa viganja viwili, anadai chake, na baba yake akainama zaidi.