Kisima cha Bibi

Mwezi uliopita nilipanda Newala kumzika jirani yetu wa Mkunya, nikakuta kisima cha bibi kimefukiwa na juu yake pameota mpapai. Siku hizi bomba linafika mpaka uani. Nilikaa pale kwenye mkeka wa wafiwa, ndugu yangu, nikashindwa hata kula.

Enzi zetu maji yalikuwa yale ya mvua, yaliyoteremka kwenye bati hadi kisimani. Yakiisha, wanawake walitelemka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Bibi alikuwa akisema, "Mvua imeingia humo kwa tabu, haitatoka kwa uzembe." Mfuniko wa mbao alikuwa akiukagua kila jioni.

Ilikuwa msimu wa korosho, mabibo yamechachuka chini ya mikorosho, harufu yake inalewesha nzi. Bibi alinituma nichote ndoo moja. Nilichota, nikasikia wenzangu wanachoma korosho nyuma ya nyumba, nikakimbilia huko. Baadaye yule jirani tuliyemzika alimtuma mpwa wake, yatima aliyekuwa akilelewa kwake, rafiki yangu, aje kuomba kata ya maji. Asubuhi tulikuta mwanambuzi ameelea kisimani, tumbo limevimba.

"Nani alikuwa wa mwisho hapa?" bibi aliuliza.

Jirani hakungoja jibu. Alimshika mpwa wake mkono. Yule msichana akalia, "Mimi nilikuta wazi, shangazi! Nilikuta wazi!"

Nilikuwa nimesimama pembeni na kiporo cha ugali wa muhogo mkononi. Niliendelea kutafuna.

Alichapwa. Siku chache baadaye akapelekwa Masasi kwa mjomba wake, shule ikaishia hapo. Bibi, pamoja na magoti yake mabovu, akarudi kutelemka bondeni hadi mvua ziliponyesha.

Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto insha, na habari hii nimejaribu kuiandika mara nyingi. Kwanza niliandika, "Mfuniko uliachwa wazi." Tazama kitenzi kilivyonisitiri: jambo limetendeka, mtendaji hayupo. Nikafuta, nikaandika "tuliacha". Kumbe wingi nao ni kichaka cha kujificha. Nikajiita "mtoto mmoja", kana kwamba ni wa nyumba nyingine. Safari nyingine nilijaza ukurasa mzima harufu ya mabibo na vumbi jekundu, ili msomaji aburudike asiniulize nilikuwa wapi. Nilipoandika "niliacha", neno moja tu, nililia kama mtoto.

Basi baada ya mazishi nilishuka Masasi kumtafuta. Nilimkuta sokoni anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kitenge kimefungwa kiunoni, nywele zimeanza mvi. Mazishini hakuja. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina la bibi.

"Ah, mwenzangu! Karibu ukae."

Nilimwambia yote, bila kupamba. Alinisikiliza huku akimenya mng'oko, akaunyunyizia chumvi na pilipili, akanipa.

"Kisima nilishakisahau," alisema. "Shangazi alikuwa amenichoka. Pasingekuwa na mbuzi, pangekuwa na chungu kilichopasuka."

Nilishusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila siku ile ninapandishwa kwenye lori la korosho, nilitazama dirisha lenu. Nikasema, atatoka anipungie mkono. Lori likawashwa, likaondoka. Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

Mteja akaja, mwenzangu akainuka kumhudumia. Nilibaki na ule mng'oko mkononi. Bibi hayupo, jirani tumemzika, hakuna mtu mwingine duniani wa kuniuliza swali hilo. Katika yote niliyoyaandika, lori halimo.

Aliporudi kukaa nilimjibu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona mpaka vumbi likamfunika.