Kofia ya Kushikia Nafasi

Wananchi, simameni wima. Hapa Margilan, Uzbekistan, kumezaliwa chombo kitakachoitikisa biashara ya hariri duniani. Chombo chenyewe, kwa sasa, ni kisanduku cha kijivu, kitupu, kinachotoshana na kiberiti.

Saa mbili asubuhi, Hosiyat Yuldasheva (29) anakikodolea macho kwenye kompyuta yake, ndani ya kiwanda cha hariri. Mvuke unapanda kutoka kwenye makarai ambamo wanawake wanafumua nyuzi za vifukofuko vya viwavi wa hariri. Pembeni yake amesimama msimamizi wao, Tursunoy-opa (opa, yaani dada mkubwa), mikono kiunoni.

"Binti, muda wote huu unakunywa chai yetu, halafu unatuletea dirisha tupu?"

"Opa, kitu kipo. Hakionekani tu."

"Hata mkwe wangu husema hivyo kuhusu akili zake."

Hosiyat huchora skrini za kuendeshea mashine. Programu anayotumia imepanga vitufe, visanduku na mishale pembeni kama vyungu sokoni: unaburuta unachotaka, unakidondosha mahali pake, basi. Kwa kazi za namna hii hupata kama som milioni tano kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri.

Tatizo ni kwamba sokoni humo hakuna kifukofuko.

Na wafumuaji wanataka kifukofuko. Maji yakipoa, uzi haufunguki. Yakizidi moto, unakatika. Mikono yao imo majini, hawana nafasi ya kusoma tarakimu. Mshale wa kupimia joto, unaozunguka kwenye duara, waliukataa siku ya kwanza. "Huo ni wa gari," mmoja alisema. "Nikiuona, mguu unatafuta breki."

Basi Hosiyat akaunda kipande chake mwenyewe: kifukofuko kinachojifunga maji yakiwa baridi, kinachoachia uzi yakifaa, na kinachoiva wekundu yakichemka kupita kiasi. Ila ile programu ya kuchorea haimjui mgeni huyu. Inaonyesha kisanduku kitupu chenye jina lake tu. Mwenyewe haji mpaka mashine iwashwe.

"Opa, kwenye pilau ya harusi kaka yako akichelewa, unafanyaje?"

"Naweka kofia yake kitini. Atakayeikalia atanitambua."

"Basi hicho kisanduku ni kofia."

Tursunoy-opa aliinama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Kofia nimeielewa. Lakini mimi nataka kumwona bwana mwenyewe, na nimsogeze nitakapo. Wewe ukiolewa Samarkand, nani atatusogezea?"

Hakuwa anatania. Ijumaa mkurugenzi angeamua: kifukofuko cha Hosiyat, au skrini ya dukani yenye mshale. Na mkurugenzi hufuata neno la Tursunoy-opa. Hii ni kazi kubwa ya kwanza ya Hosiyat tangu aache ajira Tashkent. Akiikosa, anarudi kuomba kiti kilekile.

Alirudi nyumbani akakitambulisha kipande chake kwa ile programu, mpaka kikapangwa pembeni pamoja na vitufe, sura yake ikionekana hata wakati wa kuchora.

"Sasa hata asiyejua lolote anaweza kukiweka," alijigamba Ijumaa asubuhi, akaenda kumpokea mkurugenzi mlangoni.

Waliporudi, akageuza kompyuta ili wote waone. Vifukofuko kumi na kimoja! Vilijipanga kama kondoo, kimoja kimekalia jina la mkurugenzi, na vyote vikaanza kuachia uzi kwa pamoja.

Kisha mfumuaji mmoja akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

"Nani kafanya hivi?" Hosiyat aliuliza, ameiva wekundu kama kifukofuko maji yakichemka.

Tursunoy-opa hakuitazama skrini. Alitazama kikombe cha chai kilichoachwa kando ya kompyuta, kisha akamtazama mwenye kikombe, yaani mwandishi wa makala haya.

"Wewe wa gazeti. Umesomea mambo haya?"

"Hapana, opa."

"Alikufundisha huyu?"

"Hapana, opa. Nilikuwa naburuta tu, nione."

Akamgeukia mkurugenzi. "Umesikia? Hata huyu kaweza. Tunakichukua."

Hosiyat sasa anapanga kuwatengenezea kipande chao watu wa kutia nyuzi rangi, na kuwafundisha wafumuaji kupanga skrini zao wenyewe. Alipoulizwa kama amemsamehe mwandishi, alisema, "Avifute kwanza."

Mwandishi amefuta kumi, akabakiza kimoja cha kazi. Lakini gazeti hili husema kweli: kile kilichokalia jina la mkurugenzi kilifutwa cha mwisho, na kwa shingo upande.